Mvuvi naye ametia mtaji

Kila kongamano la bahari siku hizi lina habari ya mtaji wa aina yake: mwekezaji anatoa fedha za kurudisha mikoko au matumbawe, anatarajia faida mfukoni, na bahari pamoja na watu wake wanufaike kwa kiasi kinachopimika. Sina ugomvi na wazo lenyewe. Bajeti za serikali zetu haziitoshi bahari, na fedha za wafadhili zina tabia ya kuisha mradi ukiwa ndio kwanza unashika mizizi. Ninachogombana nacho ni daftari la hesabu: nani anaandikwa humo kuwa mwekezaji, na nani anaitwa mnufaika.

Tazama Seychelles. Mwaka 2018 iliuza hatifungani ya bluu, yaani hati ya mkopo kwa ajili ya bahari, ya dola milioni 15, ya kwanza duniani kutolewa na serikali, kwa ajili ya uvuvi endelevu na hifadhi ya bahari. Wanunuzi walikuwa watatu, wote kutoka Marekani: Calvert Impact Capital, Nuveen na Prudential. Riba ilikuwa asilimia 6.5. Benki ya Dunia ikaweka dhamana ya dola milioni 5, Mfuko wa Mazingira wa Dunia ukaongeza mkopo nafuu wa dola milioni 5, na riba halisi inayoiangukia nchi ikashuka hadi asilimia 2.83. Sisemi ni vibaya. Nasema tu kwamba mwenye fedha alipoogopa hasara, alitafutiwa mdhamini.

Sasa njoo Kisiwa Panza, Pemba, ambako wanakijiji wamekuwa wakifunga sehemu ya mwamba ili pweza wakue, kwa kawaida miezi mitatu. Pweza hukua haraka, kwa hiyo siku ya kufungua huvuliwa wakubwa. Lakini miezi mitatu ni kama bamvua sita. Bamvua ndiyo maji hutoka sana, mwamba unaachwa mtupu, na mwanamke asiye na chombo anaweza kwenda kwa miguu akarudi na kitoweo na cha kuuza. Akiambiwa asikanyage pale bamvua sita, ametoa fedha taslimu. Na akitokea mtu wa kijiji kingine akaingia usiku kuvua, hasara ni yake mama huyo, hakuna benki iliyomwekea dhamana.

Ndiyo maana Gazi, kule Kwale, pwani ya Kenya, inanipa moyo kuliko hatifungani yoyote. Mikoko ya pale ilikatwa sana miaka ya 1970 kuwa kuni za viwandani. Tangu 2013, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wanavijiji wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 na kuuza hewa ukaa, yaani wanalipwa kwa hewa ukaa ambayo mikoko inaizuia isibaki angani, takriban tani 3,000 kwa mwaka. Kamati ya wanakijiji ndiyo inayopanga matumizi, na fedha zimeingia kwenye maji ya bomba na shule. Si fedha nyingi, na watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, walikuwa wameshafanya kazi pale miaka mingi kabla ya tani ya kwanza kuuzwa. Mwekezaji mwenye haraka asingengoja.

Haraka hiyo ina madhara yake matopeni. Ukimwahidi mtu idadi ya miche, utampa miche: mbegu ndefu za mkoko huokotwa kirahisi, zinachomekwa kwa mistari, picha inapigwa. Zikichomekwa mbele kabisa baharini, mahali pa mlilana, aina nyingine ya mti wa mikoko, mawimbi yanazing'oa, na ripoti imeshatumwa.

Ningekuwa naandika mikataba hii, fidia ya miezi ya kufungwa mwamba ingetengwa kwenye mtaji tangu mwanzo, kama mishahara ya wataalamu inavyotengwa. Mwekezaji angepokea faida yake baada ya kijiji, si kabla. Malipo yangefuata miti iliyo hai baada ya miaka mitatu au mitano. Na mkataba ungeandikwa kwa Kiswahili, usomwe barazani kabla ya mtu kutia sahihi.

Kuna vitu pia ambavyo hatifungani isiviguse. Nguva waliobaki pwani yetu ni wachache mno, na sioni nani atawanunua kwa tani. Hao walipiwe na serikali kutoka kwenye kodi, pamoja na ada za leseni za meli za kigeni zinazovua jodari kwenye maji yetu.