Nipo chumbani, simu inasema sipatikani

Siku ile wodini walinipigia mara tatu. Ami yangu alikuwa ameruhusiwa, anasubiri mtu wa kumchukua, na aliyeandikwa kwenye faili kuwa ndiye wa kupigiwa ni mimi. Mara zote tatu muuguzi aliambiwa na yule dada wa kwenye mashine kwamba mteja anayempigia hapatikani kwa sasa. Nami nilikuwepo. Nilikuwa chumbani kwangu Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar, miguu juu ya mto, naangalia mpira kwa Wi-Fi ya nyumbani kwenye simu ile ile inayotafutwa, na picha haikwami hata kidogo. Nilipopanda juu ya paa kuanua nguo ndipo simu ilipoanza kutetemeka mfukoni: meseji ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote za kuniarifu kwamba nimetafutwa. Ami alikaa kwenye benchi saa mbili na nusu. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema tu, "Nilidhani umelala, mwanangu."

Wanaoishi Mji Mkongwe wanajua ninachosema. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake unapita nusu mita, na vyumba ni vyembamba kwa sababu fundi wa zamani alipima upana wa chumba kwa urefu wa boriti ya mkoko. Jua la mchana linagonga kuta hizo mpaka linachoka. Mawimbi ya simu nayo ni vivyo hivyo. Barazani mtandao umejaa, ukivuka mlango unapungua nusu, ukifika chumba cha ndani umekwisha. Bibi amelimaliza tatizo hili kwa msumari. Kitochi chake, simu ndogo ya vitufe isiyo na intaneti, kinaning'inia kwa kamba kwenye fremu ya dirisha la barabarani, mahali pekee pa ghorofa ya kwanza panaposhika mtandao. Mtu akipiga, bibi huinuka, husimama hapo dirishani na kuzungumza huku ameshika nondo. Kichochoro kizima kinajua ndizi anazoagiza na bei anayokataa.

Na mji umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, kwa hiyo hakuna atakayeturuhusu kusimamisha mnara kila kona. Wala mimi sitaki kuuona.

Mwezi wa saba akaja binamu yangu anayeishi Columbus, Ohio. Laini yake ni ya T-Mobile ya Marekani. Aliiweka simu katika hali ya ndege ili asikatwe pesa za kutumia mitandao ya ugenini, kisha akawasha Wi-Fi yetu tu. Usiku wa pili, saa tatu hivi, tumekaa chumba cha ndani kabisa tunakula urojo, simu yake ikalia. Haikuwa WhatsApp. Ulikuwa mlio wa kawaida wa simu, namba ya kawaida, msimamizi wake wa kazini anauliza habari za zamu. Ohio ilikuwa saa nane mchana. Wakazungumza kama robo saa, sauti safi kuliko ninayoisikia mimi barazani, na yule bwana hakujua kwamba anayeongea naye ana bakuli la urojo mapajani, Zanzibar. Nikaitoa simu yangu nikaitazama. Hakuna mtandao. Mgeni anapatikana ndani ya nyumba yetu kwa namba ya Marekani, na mimi mwenye nyumba sipatikani kwa namba ya Tanzania.

Kitu hicho kinaitwa kupiga simu kupitia Wi-Fi, na hakina uchawi. Simu ikikosa mnara na ikaona Wi-Fi, inachimba handaki ndani ya intaneti, limefungwa kwa siri mwanzo hadi mwisho, mpaka kwenye mitambo ya kampuni ya simu. Huko laini inajitambulisha kwa ufunguo ule ule inaoutumia kwenye mnara. Ikishakubaliwa, ruta iliyo sebuleni kwako inakuwa kama mnara wa kampuni: unapiga kwa namba yako, unapigiwa kwa namba yako, meseji zinaingia, na wa upande wa pili hahitaji intaneti wala simu ya maana. Mwenye mgahawa uliokupa neno la siri la Wi-Fi hawezi kusikiliza, maana kinachopita kwake ni handaki tu. Data inayoliwa na simu ya namna hii ni kidogo: dakika moja ya mazungumzo haizidi sana megabaiti moja. Ule mpira niliokuwa nauangalia ungelipia maongezi ya siku kadhaa.

Wala si jambo la jana. Wamarekani waliuziwa huduma ya namna hii mwaka 2007, wakati simu zinazoiweza zinahesabika kwa vidole. iPhone ikaipata 2014, na Uingereza ikaanza kuenea 2015.

Basi nikaenda kwenye duka la kampuni ya laini yangu. Kijana wa kaunta alikuwa na adabu zote. Akaichukua simu, akaingia kwenye mipangilio, akatafuta, akaizima, akaiwasha, akatafuta tena. Kitufe cha kuiwasha huduma hiyo hakuna. Akaniuliza, "Kwani Wi-Fi nyumbani unayo?" Nikamwambia ninayo. "Basi tumia WhatsApp, kaka."

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo, kwa sababu si yeye peke yake anayejibu hivyo. Kila ninayemsimulia ananiambia WhatsApp. WhatsApp ninayo, naipenda, nusu ya maisha yangu imo humo. Lakini muuguzi hakunitafuta kwa WhatsApp. Alitumia simu ya mezani ya wodi. Dereva wa boti anayenishushia mzigo wangu wa Pemba hapigi kwa WhatsApp. Ami yangu mwingine yuko Wete na kitochi, na hana mpango wa kukiacha. Betri inakaa siku nne, ananiambia, yako je? Benki ikitaka kujua kama ni mimi kweli ninayetoa pesa, inaleta tarakimu kwa meseji ya kawaida kwenye namba ya kawaida, nami niko chumbani nasubiri meseji iliyokwama nje ya ukuta. Nimewahi kupanda ngazi mbio na laptopu mkononi ili niwahi tarakimu hizo kabla hazijaisha muda. Majirani wakadhani tumeingiliwa na mwizi.

Namba ya simu kwetu si mlango wa maongezi tu. Ndimo pesa zilimo. Tulipanga foleni tukaisajili kwa alama za vidole, na Januari 2020 ambao hawakusajili wakaanza kuzimiwa. Tumeambiwa namba hii ndiyo wewe. Sawa. Basi "wewe" huyo asipotee kwa sababu ameingia chumbani kulala.

Na WhatsApp yenyewe ina mipaka ambayo watu wa Unguja tunaijua zaidi ya wengine, kwa sababu nusu ya ukoo uko Omani. Miaka nenda rudi simu za WhatsApp hazipiti kule. Ujumbe wa sauti unapita, picha zinapita, simu haipiti. Shangazi yangu wa Muscat anazungumza nasi kwa vipande vya sauti vya dakika mbili mbili. Anauliza, tunajibu, anacheka baada ya robo saa. Hata hapa, tarehe 12 Mei 2024 zilipokatika nyaya za baharini za EASSy na Seacom zinazotuletea intaneti, WhatsApp ilikuwa inazunguka tu, huku simu za kawaida za ndani ya nchi zikienda. Simu inayopita kwenye Wi-Fi kwenda kwa kampuni ya hapa hapa haina sababu ya kuvuka bahari, mradi anayekuletea intaneti na kampuni yako ya simu wameunganisha mitandao yao hapa nchini.

Sasa habari ya pesa, maana wengi wakisikia Wi-Fi wanasikia bure. Si bure. Dakika zinakatwa kwenye kifurushi chako kama umepiga kutoka barazani, na ukipiga nchi nyingine unalipa bei ya nchi nyingine. Mimi sina tatizo na hilo. Wapo wanaolalamika kwamba tunalipa mara mbili, intaneti yetu wenyewe halafu na dakika zao. Hesabu yao si mbaya: kampuni inapata mnara ndani ya nyumba yangu bila kununua kiwanja, dizeli wala mlinzi. Lakini ukinipa nichague kati ya kulipa dakika na kupanda paa usiku wa mvua, nitalipa dakika. Nitakachobishia ni mtu akiwa safarini. Binamu akiwapigia watu wa Marekani kwa Wi-Fi yetu, T-Mobile inamhesabia kama yuko Marekani. Zipo kampuni nyingine za huko zinazoizima huduma hii mteja akitoka nje ya nchi, na hilo siwezi kulitetea. Handaki ni lile lile. Mnara wa ugenini haukuguswa.

Nisije nikaonekana nauza. Siku umeme ukikatika ruta inakufa, na handaki linakufa nayo. Anayekumbuka Desemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kizima gizani miezi mitatu hivi, hawezi kuniambia tutegemee ruta peke yake. Mnara una betri na jenereta. Sebule yangu ina mshumaa. Tena ukuta unaokataa mnara unaikataa na Wi-Fi. Ruta yetu iko ukumbini, na chumba changu kilikuwa hakipati kitu mpaka nilipomleta fundi atoboe waya upite na kifaa cha pili kikae ndani. Alitoboa akatoboa, chokaa ikamjaa kichwani, kisha akaichomoa drili na kuitazama. Ncha yake ilikuwa fupi kuliko ukuta. Ikabidi azunguke aanzie upande wa pili, akipima kwa kugonga, na matundu mawili yakapishana kwa inchi tatu. Kovu lake lipo mpaka leo, tumelifunika kwa kalenda.

Kuna na mengine. Zile namba za nyota na reli za kutumia pesa mara nyingi hazipiti kwenye Wi-Fi, kwa hiyo bibi asitegemee kulipia ndizi kwa njia hiyo. Ukitoka nje ya nyumba huku unaongea, simu isiyoweza kuhamisha sauti kwenye 4G itakukatia mlangoni. Na simu za dharura zina tabu yake: mnara unajua takriban uko wapi, handaki halijui. Binamu, ili aruhusiwe kutumia huduma hii, alitakiwa kuandika anwani yake ya nyumbani. Lau angeanguka kwenye ngazi zetu akapiga 911, namba ya dharura ya Marekani, gari la wagonjwa lingeweza kutoka kwenda kumtafuta Columbus.

Pamoja na yote hayo nakitaka kitufe. Sihitaji kifurushi kipya chenye jina la kupendeza wala tangazo la msanii. Na wakikiweka wakiweke kwa simu tunazotumia kweli, maana kuiwezesha huduma hii ni mapatano ya kampuni ya simu na mtengenezaji, na simu inayoiweza London inaweza kuwa bubu hapa. Nusu ya simu za mtaa wetu ni used za Dubai. Ikiwa watafungulia simu tatu za bei ya pikipiki, wawaambie wateja hivyo wazi pale kaunta, kijana wa watu asihangaike kuzima na kuwasha.

Wewe unayesoma, laini yako inaweza kuwa tofauti na yangu. Ingia kwenye mipangilio ya laini ya simu, tafuta maneno ya kupiga simu kupitia Wi-Fi. Yakiwepo, washa, weka simu katika hali ya ndege, rudisha Wi-Fi peke yake, kisha mpigie mtu mwenye kitochi. Usimpigie mwenye simu janja, utajidanganya.

Juzi nimempeleka ami kliniki. Karani akafungua faili, akauliza kama namba ya kupigiwa ni ile ile. Nikampa ya bibi, ile ya msumarini.