Lori moja, majibu mawili, na maabara haijadanganya

Mjomba wangu ananunua mahindi Kibaigwa na Kiteto, hapa Tanzania, anapeleka Kenya, ndiyo kazi iliyosomesha nusu ya ukoo wetu. Msimu uliopita alipima mzigo wa tani 30 kabla ya safari, sumukuvu, yaani aflatoksini, sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka, ikasoma 6, cheti akapewa. Kufika mpakani wakachukua sampuli yao ikasoma 31, lori likageuzwa. Mahindi yaleyale, gunia zilezile, siku nne tu katikati. Kwenye grupu la familia hukumu ilitoka ndani ya dakika kumi, kwamba wa mpakani wamehongwa, au wa huku walimuuzia cheti, lazima mmoja ni mwizi.

Mimi napima vyakula kwa kazi, na maneno haya yananiuma kwa sababu nayasikia kila msimu. Kwa hiyo ngoja nieleze, maana inawezekana kabisa wote wawili walipima kwa uaminifu na mashine zao zilikuwa nzima.

Anza na ukubwa wa kitu tunachokitafuta. Kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kilo moja ya mahindi, na 5 kwa ile ya B1 ambayo ndiyo kali kuliko zote; ile 6 na 31 ya mjomba, na kila namba ya sumu nitakayotaja, ni kwa kipimo hichohicho cha mikrogramu kwa kilo. Kwa lori la tani 30 hiyo kumi ni gramu 0.3. Yaani chumvi unayoichota kwa ncha za vidole viwili, imefichwa ndani ya gunia mia tatu za kilo mia, na mtu anatakiwa aseme imezidi au haijazidi.

Ingekuwa sumu imeenea sawasawa kama sukari kwenye chai iliyokorogwa, basi ungeonja kijiko kimoja ukajua kikombe kizima. Lakini kuvu haiko hivyo, inashika punje mojamoja, ile iliyotobolewa na mdudu, ile ya hindi lililopata kiu shambani wakati wa kubeba, ile ya gunia lililokaa kwenye sakafu yenye unyevu, na jirani yake hapohapo ni safi kabisa. Imewahi kupimwa punje moja ya mahindi ikakutwa na kiwango cha zaidi ya 400,000. Piga hesabu: punje ina uzito wa kama gramu 0.3, hivyo punje moja ya namna hiyo imebeba mikrogramu 120, inatosha kufikisha kilo 12 za mahindi safi kwenye ile kumi. Kilo 12 ni punje kama elfu arobaini. Bambo, kile chuma cha kuchoma gunia na kuchota punje, likiichota hiyo moja ndani ya sampuli ya kilo moja, majibu yanatoka 120 na lori linageuka. Likipita sentimita mbili pembeni yake, majibu ni sifuri na lori linapita. Mkono wa mkaguzi haujafanya kosa lolote hapo.

Kuna utafiti wa chuo kikuu cha North Carolina State wa mwaka 2000 ambao natamani kila mfanyabiashara wa nafaka auelewe. Walipima mizigo kadhaa ya mahindi, halafu wakakadiria: mzigo ukiwa na sumu ya 20, ukachukua sampuli ya kilo 1.13, ukaisaga, ukatoa gramu 50, ukapima, huku kutofautiana kwa majibu kunatoka wapi. Karibu asilimia 78 kulitoka kwenye kuchukua sampuli. Karibu 20 kulitoka kwenye kusaga na kugawa unga. Upimaji wenyewe maabara, ile mashine ya bei mbaya ambayo tunalaumiwa kwayo, haikufika hata asilimia 2! Na kwa utaratibu huo mzigo wa 20 unaweza kusoma popote kuanzia sifuri hadi hamsini na kitu. Sasa rudi kwa mjomba, 6 na 31. Hizo namba mbili zinakaa vizuri tu ndani ya mzigo mmoja.

Ndiyo maana huwa nasikitika nikisikia suluhisho ni mashine mpya ya kisasa zaidi, ufadhili umepatikana, utepe unakatwa. Mashine nzuri tunaihitaji, sikatai, lakini ukiifanya iwe kamilifu kabisa utakuwa umeondoa chini ya asilimia mbili ya tatizo, na zile 78 zimebaki palepale kwenye mkono wa kijana aliyesimama juu ya lori na bambo, jua la saa saba, foleni ya magari nyuma yake, akichoma gunia sita za juu kwa sababu za katikati na za chini hazifikiki mpaka mzigo ushushwe.

Upande wa wafanyabiashara una hoja nzito na sitaki kuipitia juujuu. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, watu wakakwama Namanga na mikopo ya benki inatembea, halafu tarehe 10 katazo likaondolewa kwa masharti, usajili wa waagizaji na cheti kinachoonyesha mzigo hauzidi 10. Siku tano tu, lakini kwa mwenye mali ambaye dereva anakula, maegesho yanalipiwa na mahindi yanatoa jasho chini ya turubai, siku tano ni nyingi. Marekani nao kwa chakula cha binadamu wanaruhusu hadi 20. Na wachumi wa Benki ya Dunia mwaka 2001 walikadiria kwamba viwango vikali vya Ulaya vingeikosesha Afrika mauzo ya dola milioni 670 kwa mwaka ukilinganisha na kiwango cha kimataifa, ili kuokoa vifo 1.4 katika kila watu bilioni moja. Mtu akikuwekea namba hizo mezani unaona kabisa kwamba sheria inaweza kuwa na roho mbaya bila kukusudia.

Ila ile hesabu ni ya Ulaya, kwa mtu ambaye mahindi anayala kwa nadra. Sisi ugali ni mchana na usiku. Mtu mzima anayekula unga gramu 400 kwa siku wenye sumu ya 10 anameza mikrogramu 4 kila siku ya Mungu, na kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B, ambao kwetu ni wengi, nguvu ya aflatoksini kuleta saratani ya ini inakadiriwa kuwa mara 30 ya mtu asiye navyo. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya waliugua watu 317 wakafa 125, na mahindi yaliyochukuliwa kwenye masoko ya kule kipindi kile asilimia 55 yalizidi 20, mengine yalipita 1,000. Mwaka 2016 ikawa kwetu, Dodoma na Manyara, waliougua 68, waliofariki 20. Ni kulekule mjomba anakonunua. Kwa hiyo mimi kwenye 10 sitetereki.

Ninachowapa wafanyabiashara haki yao ni hiki, kwamba sheria ikishika namba kwa ukali lazima ishike na bambo kwa ukali uleule. Kanuni za Ulaya za mwaka 2006 kwa mzigo wa tani 20 hadi 50 zilitaka michoto 100 kutoka sehemu mbalimbali, ikusanywe kilo 10, isagwe, ichanganywe, ndipo itolewe sehemu ya kupima. Hapo tu kutofautiana kunapungua sana, na hakuna ndege iliyopanda kwenda kuleta mashine. Mkaguzi anayechota kilo moja juu juu halafu anatoa hukumu ya shilingi milioni ishirini na zaidi anamwonea mwenye mali, hata kama hajala hongo ya mtu.

Lakini anamwonea mlaji zaidi, na hili hata pale kwenye grupu halikusemwa. Sumu ikiwa imejikusanya kwenye punje chache, sampuli ndogo mara nyingi inazikosa. Yaani bambo la uvivu linakosea kwa pande zote mbili ila linakosea mara nyingi zaidi kwa kupitisha. Wote walikimbilia kuuliza nani kadanganya kwenye 31, hakuna aliyeuliza kama ile 6 ndiyo iliyokosea, kwa sababu 6 ilikuwa habari njema. Na lori linapopita kwa bahati hakuna anayepiga simu kulalamika.

Nilimuuliza mjomba yale mahindi yaliyogeuzwa yalikwenda wapi. Akanyamaza kidogo, akasema aliyauza palepale njiani kwa wenye mashine za kusaga, kwa bei ya hasara, siku tatu yakaisha. Sikumlaumu, ana deni na watoto. Ila sheria yetu inaishia kwenye geti, ikishasema hapana inageuka kuangalia lori linalofuata, na unga unaliwa na watu ambao hawatapata cheti chochote cha kusoma.

Msimu huu tulikaa naye stooni wakati wa kupakia, kabla gunia hazijapangwa, bambo likaingia kila gunia juu na chini, zikatoka kama kilo 12. Tukaosha mashine ya kusaga, tukasaga zote, tukachanganya kwenye turubai safi tukageuzageuza kama udongo wa kusiribia, ndipo nikachukua sehemu mbili nikazipima kila moja peke yake. Ya kwanza ilisoma 14, ya pili 12. Mjomba alizitazama kwa muda mrefu, akauliza ina maana safari hii hazigombani, nikamwambia ndiyo, safari hii zinakubaliana. Lori halijaondoka. Vijana wanne wapo stooni tangu Jumatatu wanachambua kwa mkono, punje zilizobadilika rangi na zilizotobolewa zinaingia ndoo yake pembeni, wamefika gunia la arobaini na tisa, na tutapima tena wakimaliza.