Meseji kwa mgonjwa inafika wapi, inaishia wapi

Kuanzia mwaka 2007, wauguzi wa kliniki tatu nchini Kenya, mbili Nairobi na moja Kajiado, walikuwa wakituma meseji ya neno moja kila Jumatatu kwa watu walioanza ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI: "Mambo?" Mgonjwa alijibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Aliyeandika "Shida" alipigiwa simu. Aliyenyamaza naye alipigiwa.

Utafiti huo, WelTel Kenya1, ulihusisha watu 538, na matokeo yake yakatoka mwaka 2010 katika jarida la Lancet. Asilimia 62 ya waliotumiwa meseji walieleza kuwa wanameza dawa ipasavyo, dhidi ya 50 ya wenzao waliohudumiwa kwa utaratibu wa kawaida. Watu huweza kumdanganya muuguzi, lakini damu haidanganyi: waliofubaza virusi walikuwa asilimia 57 dhidi ya 48. Kwa gharama ya meseji, hilo ni jambo kubwa, na wanaolitetea wana haki ya kulitetea.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba meseji hiyo haikutaja ugonjwa. Simu ya nyumbani hupita mikononi mwa mke, mtoto, shemeji. Atakayeiokota ataona salamu tu. Andika badala yake "usisahau dawa zako za saa mbili usiku", na siri ya mtu iko nje kabla hajairudia simu yake. Kuna ndoa zilizovunjika kwa chini ya hapo.

Sasa upande wa pili. Huko Chulaimbo, magharibi mwa Kenya, watafiti walilinganisha kukumbushwa kila siku na kukumbushwa kila wiki. Waliokumbushwa kila wiki walifanya vizuri: asilimia 53 walifikia ufuasi mzuri wa dawa, dhidi ya 40 ya wasiotumiwa kitu. Wa kila siku hawakuwapita wasiotumiwa kitu. Naelewa kwa nini. Simu zetu zimejaa matangazo ya kubeti, mikopo, na matapeli wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Ujumbe unaoingia kila siku saa ileile mtu hufuta bila kuusoma.

Pigo zito zaidi lilitoka Kibera. Watu 700 waliokuwa wametoka kukutwa na virusi waligawanywa makundi mawili, na kundi moja likapata "Mambo?" ileile ya kila wiki, pamoja na muuguzi wa kuwapigia. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2018, waliotumiwa meseji hawakuwa wamebaki kwenye huduma kwa wingi kuliko wenzao. Kwa hiyo hata hoja niliyoipenda, kwamba siri ya mafanikio ni muuguzi anayejibu, haitoshi peke yake.

Tafsiri yangu ni hii: meseji humsaidia aliyekwisha kuamua kutibiwa asiteleze njiani. Anayehangaika bado kuukubali ugonjwa, anayekosa nauli ya kliniki, anayeogopa kuonekana kwenye foleni ya CCC, kliniki ya wenye virusi, huyo anahitaji mtu aketi naye. "Shida" anaweza kuiandika, lakini nauli haipiti kwenye meseji.

Ndiyo maana napinga mpango wowote wa kununua mfumo wa kutuma meseji kwa maelfu huku washauri nasaha na wahudumu wa afya ya jamii wakipunguzwa. Mfumo utume, sawa, tena kwa wiki na bila kutaja dawa. Lakini bajeti ioneshe mshahara wa anayesoma majibu Jumatano, muda wa maongezi wa kuwapigia walionyamaza, na nani anaishika simu ya kliniki muuguzi huyo akienda likizo au akihamishwa. Mgonjwa aliyeandika "Shida" na asipigiwe, Jumatatu ijayo hatajibu, na hakuna atakayejua kama kimya chake ni cha kukata tamaa au cha laini iliyobadilishwa.