Kosa la rubani, na waliompa ile ndege

Jumatatu ya tarehe 21 Julai 2025, saa saba na dakika chache mchana, ndege ya kivita aina ya F-7 BGI iliruka kutoka kambi ya jeshi la anga iliyoko Kurmitola, jijini Dhaka. Haikuchukua muda ikaangukia jengo la madarasa la shule ya Milestone, eneo la Uttara, kaskazini mwa jiji hilo hilo. Masomo yalikuwa yanakwisha na baadhi ya wazazi walikuwa wameshafika kuchukua watoto. Walikufa watu zaidi ya 30, wengi wao wanafunzi. Mwalimu Mahreen Chowdhury alitoa watoto kwenye moto mpaka yeye mwenyewe akaungua vibaya, akafia hospitalini. Rubani, Towkir Islam, alikufa pia. Vyombo vya habari vya Bangladesh vilieleza kuwa siku hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuirusha ndege hiyo bila mkufunzi.

Siku ile ile jeshi lilitoa taarifa kwamba ndege ilipata hitilafu ya kiufundi na kwamba rubani alijitahidi kuielekeza pasipo na watu wengi. Ilipofika Novemba, tume ya serikali ikaja na jibu jingine: rubani alishindwa kuimudu ndege. Hilo la pili ndilo linalonikera, na si kwa sababu nadhani ni uongo. Inawezekana kabisa kijana alikosea. Alikuwa anajifunza, na anayejifunza hukosea. Hilo halihitaji tume. Shule zote za urubani duniani zimepangwa kwa kujua kwamba mwanafunzi atakosea. Ndiyo maana kuna mkufunzi kiti cha nyuma, kuna ndege nyepesi za kuanzia, kuna mazoezi ya ardhini, na kuna anga zilizotengwa mbali na watu. Ukisema "rubani alikosea" ukafunga faili, umeeleza kilichotokea katika dakika ya mwisho tu. Nani alipanga kosa la mwanafunzi, likitokea, liangukie darasa la watoto?

Tuanze na ndege yenyewe, maana wengi tulisikia "ndege kuukuu" tukapata picha ya mabati yenye kutu. F-7 BGI za Bangladesh hazikuwa na umri huo. Zilifika kati ya 2011 na 2013, na zilikuwa miongoni mwa za mwisho kabisa kutengenezwa kabla China haijafunga kiwanda chake. Kilichozeeka ni mchoro. F-7 ni mtoto wa MiG-21, ndege ambayo Wasovieti waliibuni katikati ya miaka ya 1950 kwa kazi moja: kupanda juu haraka sana, kuiwahi ndege ya adui yenye mabomu, kuipiga, na kurudi. Injini moja, mafuta kidogo, mabawa madogo ya pembetatu. Kwa kazi ile ilikuwa bora. Kwa kufundishia ni kisirani.

Mabawa madogo yanataka mwendo. Boeing 737 ya abiria hutua kwa kama kilomita 250 kwa saa. MiG-21 huijia njia ya kutulia kwa zaidi ya 300, pua imeinuka kiasi kwamba rubani anaona kidogo tu ya kule anakokwenda. Akipunguza nguvu ya injini kupita kiasi, ndege haielei, inashuka kama jiwe. Injini ikizimika karibu na ardhi, muda wa kufikiri haupo. Kuna kitu kimoja kwenye matoleo ya viti viwili ambacho nikikikumbuka nashangaa hadi leo: mkufunzi wa kiti cha nyuma alikuwa haoni mbele vizuri, hivyo wahandisi wakamwekea periskopu, kioo kama kile cha nyambizi, kinachochomoza juu ya paa la chumba chake wakati wa kuruka na kutua. Yaani mwalimu anamfundisha mwanafunzi kutua huku yeye anachungulia kupitia bomba. Ndege ya namna hiyo inahitaji mtu aliyekwisha kuiva kabla hajaigusa.

Wanaojua habari hii kuliko wote ni Wahindi. India ilianza kutumia MiG-21 mwaka 1963 na ikazistaafisha rasmi tarehe 26 Septemba 2025 pale Chandigarh, kwa sherehe, ndege zikimwagiwa maji kwa heshima. Miaka 62. Katikati hapo magazeti yao yalizibatiza jina la "jeneza linaloruka". Mei 2012 waziri wa ulinzi wa wakati huo, A. K. Antony, alilieleza bunge kwamba kati ya ndege 872 za familia ya MiG zilizonunuliwa, 482 zilikuwa zimepotea kwenye ajali. Zaidi ya nusu! Marubani 171 walikufa, na raia 39 waliokuwa ardhini wakiendelea na shughuli zao.

Sasa tazama chanzo kimoja cha hesabu hiyo. Kwa miaka mingi kijana wa jeshi la anga la India alijifunza kwenye Kiran, ndege ya mafunzo yenye mwendo wa wastani na tabia ya upole, kisha akarukia moja kwa moja kwenye MiG-21. Kati ya hizo mbili hapakuwa na ngazi. Ni sawa na kumtoa mtu kwenye bajaji na kumkabidhi semitrela Kariakoo saa sita mchana. Mwaka 1982 kamati iliyoongozwa na Denis La Fontaine, afisa mwandamizi wa jeshi hilo la anga, iliona pengo hilo na kupendekeza inunuliwe ndege ya kati ya mafunzo. Pendekezo lilikuwa wazi na sababu zake zilieleweka. Mkataba wa kununua ndege hizo za kati, 66 aina ya Hawk kutoka Uingereza, ulisainiwa 2004, na ndege hizo zikaingizwa rasmi kazini 2008. Serikali zilibadilika, mawaziri wakapishana, mazungumzo ya bei yakaanza na kukwama, na kila mwaka kundi jingine la vijana likahitimu na kupanda MiG.

Mmoja wao alikuwa Abhijit Gadgil. Alikufa Septemba 2001 muda mfupi baada ya kuruka usiku kutoka kambi ya Suratgarh, Rajasthan. Jeshi likasema alipoteza mwelekeo angani. Mama yake, Kavita Gadgil, hakukubali mwanawe abebe lawama peke yake. Alikwenda kwenye vyombo vya habari na kudai ndege zile zichunguzwe, na taifa likamsikiliza kwa sababu mama wengine wengi walikuwa na swali lile lile. Baadaye yeye na mumewe walifungua chuo cha urubani chenye jina la kijana wao. Namtaja huyu mama kwa kuwa alifanya kazi ambayo tume zilipaswa kuifanya, na kuuliza hivyo hadharani si jambo jepesi. Kwetu pia tunalifahamu hilo: ukiuliza swali kuhusu jeshi, uzalendo wako unatiliwa shaka kabla swali halijajibiwa.

Lakini nisije nikaifanya MiG kuwa shetani wa kila kitu. Ujerumani Magharibi miaka ya 1960 ilikuwa na ndege mpya kabisa, F-104 Starfighter ya Marekani, mali ghali na ya kisasa kwa wakati wake. Ilipokea 916, ikapoteza karibu 300, na marubani 116 wakafa. Magazeti yao yaliita ndege hiyo "mtengeneza wajane". Marubani walikuwa wakifunzwa kwenye jua la Arizona, kisha wanarudi kurusha chini chini kwenye mawingu na mvua ya Ulaya, tena na mabomu ambayo ndege ile haikubuniwa kuyabeba. Mafundi walikuwa wachache. Jenerali Johannes Steinhoff alipokabidhiwa jeshi hilo la anga mwaka 1966, alikaza mafunzo na matengenezo, na ajali zikapungua. Ndege ni zile zile. Na huko huko Bangladesh, Mei 2024, rubani mmoja alikufa Chittagong kwenye ajali ya Yak-130, ndege ya kisasa iliyobuniwa mahususi kwa mafunzo. Upya wa chuma hausaidii kama mengine yamelala.

Mengine hayo, kwa Dhaka, ni pamoja na mahali. Kambi ya Kurmitola inatumia njia moja ya kurukia na uwanja mkuu wa kimataifa wa Hazrat Shahjalal. Zamani kule kaskazini kulikuwa nje ya mji. Dhaka ikakua kama inavyokua miji yetu, Uttara ikajengwa, Diabari ikafuata, shule zikafunguliwa, na ndege za kivita zikaendelea kuruka pale pale. Tume ile ile iliyomtaja rubani ilipendekeza pia mafunzo ya awali ya jeshi la anga yahamishiwe nje ya Dhaka, na ikabaini kwamba jengo la shule halikufuata kanuni za ujenzi: lilitakiwa kuwa na ngazi zisizopungua tatu, lilikuwa na moja, katikati. Soma hapo tena. Ngazi moja, katikati ya jengo, na moto wa mafuta ya ndege. Hili ndilo jambo zito kuliko yote kwenye ripoti ile, na lilikaa chini ya vichwa vya habari vilivyosema "kosa la rubani". Aliyesaini ramani ya jengo hakuwa rubani. Aliyepanga ratiba ya kuruka juu ya jiji lenye mamilioni ya watu hakuwa rubani. Na wao hawakufa, kwa hiyo wangeweza kuulizwa.

Sisi wa Dar es Salaam hatuna haki ya kulisoma hili kama habari ya mbali. Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi lililipuka Mbagala. Februari 2011 likalipuka la Gongo la Mboto. Kila tukio liliua watu zaidi ya 20, na makombora yalitua kwenye nyumba na viwanja vya watu waliokuwa hawana habari yoyote na silaha. Wakati ule mabishano ya vijiweni yalikuwa haya: nani alimkuta mwenzake, kambi au raia? Kambi zilitangulia, ni kweli. Lakini mji hauombi ruhusa kwa kambi, na mwenye kujua kilichomo ndani ya ghala ni jeshi, si mpangaji aliyetafuta chumba cha bei nafuu. Anayejua hatari ndiye mwenye wajibu wa kusogea, au wa kuhakikisha wengine hawasogei karibu. Nairobi nayo ina kambi ya anga ya Moi katikati ya Eastleigh, maghorofa yameizunguka. Angalau ndege za kivita za F-5 Wakenya wameziweka Laikipia, karibu na Nanyuki, kwenye nafasi.

Jeshi letu nalo lina ndege za ukoo huu huu wa F-7. Zikipita juu kwenye sherehe za Uhuru, watoto huziba masikio na kucheka, na mimi hutazama juu kama wao, sioni aibu kusema. Ni mashine za kupendeza zikiwa juu. Siandiki haya kudai kwamba zetu zina kasoro. Naandika kwa sababu nchi zenye mifuko kama yetu zitaendelea kurusha ndege za michoro ya zamani, na hoja ya "hatuna hela ya mpya" ni ya kweli kabisa. Ila kuhamisha mazoezi kutoka juu ya jiji hakugharimu bei ya ndege mpya. Kumwongezea kijana saa za kuruka na mkufunzi kabla hajaachiwa hakugharimu bei ya ndege mpya. Kukataa kibali cha jengo lenye ngazi moja kunagharimu ujasiri wa karani mmoja tu wa mipango miji.

Kuna wanaosema mafunzo ya kijeshi lazima yawe na hatari, na mwanajeshi anajua alichoapa. Nakubaliana nao kuhusu mwanajeshi. Mtoto wa darasa la tatu hakuapa. Wala hawakuapa wanawake watatu wa kijiji kimoja cha wilaya ya Hanumangarh, Rajasthan, ambao Mei 2023 waliangukiwa na MiG-21 nyumbani. Rubani wa ndege ile alijirusha kwa mwavuli akapona, na nafurahi kwamba alipona.

Dhaka sasa wanazungumzia ndege mpya, na J-10 ya China imetajwa sana. Wanunue wakiweza. Ila kabla ya ndege ya kwanza kutua, mzazi wa Milestone ana haki ya kupata majibu ambayo hayasubiri bajeti: kijana yule aliruka saa ngapi na mkufunzi kwenye F-7 kabla ya kuachiwa, nani alisaini kwamba yuko tayari, kwa nini safari yake ya kwanza peke yake ilianzia kwenye njia inayopakana na Uttara badala ya kambi nyingine, na lile pendekezo la kuhamisha mafunzo limepewa tarehe gani ya kutekelezwa. La India la mwaka 1982 halikuwa na tarehe.