FFmpeg na picha zinazotetemeka: tukuze kwanza au tubadili zana?

Anayetaka picha mnato ivutwe taratibu kuelekea usoni mwa mtu, kama tunavyoona kwenye filamu za historia, halazimiki tena kufungua programu nzito ya kuhariri video. FFmpeg, programu huria iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, ina kichujio kiitwacho zoompan kinachoifanya kazi hiyo kwa amri moja ya maandishi. Wanaoitetea njia hii wana hoja nzito: ukishaandika amri, picha mia moja zinapita bila kugusa kipanya, na ukiirudia mwakani utapata matokeo yaleyale. Wanaoipinga hawahitaji maneno mengi. Wanakuonyesha tu video, na picha inatetemeka.

Mtetemo huo una hesabu yake. Chukua picha ya pikseli 1920 kwa 1080, uivute kutoka ukubwa wa 1 hadi 1.2 kwa sekunde 10, fremu 25 (picha moja moja zinazounda video) kila sekunde. Hizo ni fremu 250. Ili kitovu cha picha kibaki katikati, ukingo wa kushoto wa eneo linalokatwa unasogea pikseli 160, na wa juu pikseli 90. Kwa wastani kila fremu inadai hatua ya pikseli 0.64 kwa upana na 0.36 kwa kimo, lakini zoompan hukata kwenye pikseli nzima tu. Fremu hii inasogea, inayofuata inasimama. Na kwa kuwa upana na kimo haviruki kwa pamoja, picha inayumba. Mwendo ukiwa wa taratibu zaidi ndipo kasoro inapojitokeza zaidi, na mwendo wa taratibu ndio tunaoutaka.

Dawa iliyozoeleka ni kuikuza picha kwanza, kwa kuweka scale=8000:-1 (upana wa pikseli 8000, kimo kikifuata uwiano) kabla ya zoompan. Pikseli moja ya picha iliyokuzwa inakuwa takriban robo ya pikseli ya video, hivyo mruko unapungua kiasi cha jicho kutouona. Gharama ipo: picha ya pikseli milioni 2 sasa ina milioni 36, na laptopu dhaifu italalamika. Ila wengi hujiongezea mzigo wenyewe kwa kuweka -loop 1, inayoiingiza picha hiyohiyo mfululizo na hivyo huilazimisha kompyuta kuikuza picha upya tena na tena. Ukiiacha picha iingie mara moja, kisha ukaandika d=250, yaani itoe fremu 250, ukuzaji unafanyika mara moja tu.

Zana mbadala ni ImageMagick, programu ya kuhariri picha kwa amri, ambayo hukokotoa hadi sehemu ya pikseli, kwa hiyo mtetemo hauzaliwi kabisa. Lakini utatengeneza faili 250 kwa kila picha kabla ya kuziunganisha. Kwa video ya kawaida ya mtandaoni, kukuza mara nne kunatosha, na sioni sababu ya kuhama.

Udhaifu mkubwa zaidi wa njia ya amri ni kwamba haioni kilichomo pichani. Mtindo huu umebeba jina la Ken Burns, mtengenezaji wa filamu wa Marekani, na thamani yake inatokana na mtu kuamua jicho lianzie wapi na liishie wapi. Amri inayonakiliwa na kila mtu, x='iw/2-(iw/zoom/2)' (x ni ukingo wa kushoto wa eneo linalokatwa, iw ni upana wa picha), huelekea katikati daima. Kwenye video ya kumbukumbu ya msiba, ambapo bibi aliyefariki amekaa pembeni mwa picha ya ukoo, video itavuta kiwiko cha mjukuu. Hilo linaumiza wafiwa kuliko mtetemo wowote. Kwa picha tano au sita, fungua Kdenlive, programu huria ya kuhariri video, uchague kwa jicho lako.

Kwa picha nyingi, ningebaki na amri lakini jicho lipite kwanza. Andika faili ya maandishi: jina la picha, kisha uso upo sehemu gani ya upana na ya kimo. Uso wa bibi ukiwa sehemu ya 0.2 kutoka kushoto, fomula inakuwa x='0.2*(iw-iw/zoom)', na y (ukingo wa juu) hivyohivyo kwa ih, yaani kimo cha picha. Skripti fupi inajaza tarakimu hizo kwa kila picha. Fomula hii haitoki nje ya picha hata uso ukiwa ukingoni kabisa, na kwenye 0.5 inatoa matokeo yaleyale ya fomula ya katikati.