Siku Seva Yetu Iliporudi Mwaka 2009

Ofisi yetu hutoa mizigo forodhani. Malori yanapanga foleni Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na sisi tuko huku Lubumbashi, Kongo, tukituma hati, tukipokea hati, tukigombania hati. Yote hayo hupita kwenye barua pepe, na barua pepe zote hupita kwenye seva moja ambayo Direkta aliinunua ikiwa imekwisha kutumika kwingine, akaiweka katika chumba kilichokuwa zamani bafu. Vigae vya bluu bado viko ukutani, na bomba la manyunyu liko palepale juu ya seva, limezibwa kwa kitambaa. Hakuna mgeni aliyeliona bomba lile asiulize kama huwa tunaiogesha.

Fundi wa kompyuta tunaye. Ila siku hiyo alikuwa Likasi kwenye kilio cha mjomba wake, na Direkta akaniteua mimi nishike nafasi. Mimi ni mtu wa makaratasi ya forodha. Sifa yangu pekee katika mambo ya kompyuta ni kwamba niliwahi kuinyamazisha simu ya Direkta ilipoanza kupiga muziki mbele ya wageni, na tangu hapo ananihesabu miongoni mwa wataalamu.

Umeme ulikatika mchana, ukarudi kesho yake asubuhi. Kompyuta zote ziliamka isipokuwa seva. Taa inawaka, feni inavuma, barua hakuna. Nikampigia Fundi, ambaye kwa heshima ya huku kwetu namwita Yaya, yaani kaka.

"Yaya, pole sana na msiba. Seva haitaki kuamka."

"Iko na skrini?"

"Haina."

"Umuvalishe skrini, uniambie anasema nini."

Nikachomoa skrini ya Mama Mhasibu, naye akanifuata mpaka bafuni kulinda mali yake. Kwenye kile kiza kulikuwa na mistari michache ya Kiingereza. Maana yake ni kwamba mashine imesahau mipangilio yake yote, na haitaendelea mpaka mtu abonyeze F1. Kumbe muda wote ule ilikuwa inangoja kidole tu! Sasa, kibodi ya akiba ya ofisi yetu haina kitufe cha F1. Kiling'oka zamani, pamebaki kijipira cheupe ndani ya shimo. Nikajaribu kalamu, nene. Nikajaribu njiti ya kiberiti, ikavunjikia humo humo. Mama Mhasibu akaguna, akachomoa pini kwenye nywele, akanisogeza kwa kiwiko, akabonyeza. Seva ikaamka. Akang'oa skrini yake na kuondoka nayo kifuani, hata asante hakungoja.

Kazi ikaanza. Barua zinaingia, zinatoka, nikajiona mtu. Direkta akawaandikia wafanyakazi wote: mkutano saa tano kamili, asikosekane mtu. Saa tano na robo alikuwa peke yake mezani, chupa za maji zimepangwa vizuri mbele ya viti vitupu.

Alitoka kwenye korido na sauti iliyofika mpaka getini. Sisi tukaapa hatujaona tangazo lolote. Dereva mmoja aliapa kwa jina la mama yake, na huyo hata anwani ya barua pepe hana. Tukafungua masanduku yetu moja moja mbele ya Direkta: juu kuna barua za jana, chini yake za juzi, tangazo hakuna. Aliyelipata ni binti wa mapokezi, ambaye ndiye peke yake mwenye subira ya kushuka mpaka mwisho wa orodha. Lilikuwa chini kabisa, chini hata ya barua ya kwanza kuwahi kupokelewa katika ofisi ile. Mkutano wa leo, umeitishwa tarehe 1 Januari 2009.

Direkta akavua miwani. "Kampuni hii niliifungua 2013," alisema polepole. "Nani huyo alikuwa anaandika kwa jina langu 2009?"

Kabla hajajibiwa, simu ya Mama Mhasibu ikalia. Ni mteja wetu wa Kolwezi. Asubuhi ile Mama alikuwa amemtumia barua ya kumkumbusha deni, na barua yenyewe husema malipo yafanyike katika siku 30 tangu tarehe ya barua. Mteja akaikuta kwenye sanduku la takataka, maana kichujio chake kikiona barua imezeeka namna hiyo huishuku.

"Mama," tulimsikia wote, kwani simu ile husemea nje, "munaniambia deni liliisha muda Januari 2009. Miye 2009 nilikuwa kwenye masomo, nilikuwa navaa bluu na nyeupe!"

Nikarudi bafuni mbio, simu sikioni. Kule Likasi nyuma ya Fundi wamama walikuwa wanaimba.

"Yaya, barua zote zinatoka na tarehe ya 2009."

"Muulize tarehe ya leo. Andika date."

Nikaandika. "Anasema Alhamisi, tarehe 1 Januari 2009."

"Aaah," Fundi akashusha pumzi. "Basi amekufa."

"Nani?"

"Batri. Amekufa kitambo, ni vile tu hatukujua."

Nikasikia kule wimbo unapungua. "Sasa tufanye nini, Yaya?"

"Umuzimishe kwanza. Umufungue tumbo, umutoe ile ya zamani, umutie ya mupya, halafu ataamuka. Usiogope, mimi nilisha kuamusha wengi."

Wimbo ukakatika kabisa. Sauti ya mzee ikauliza, karibu sana na simu: "Weye, unaongea na nani?" Na simu nayo ikakatika.

Mwenye kujua kompyuta atakuwa ameshaelewa. Ndani ya mashine kuna kibatri cha duara, mfano wa kifungo cha koti, ambacho huendesha saa wakati umeme haupo. Kikifa, umeme ukikatika tu, saa inarudi kwenye tarehe aliyoiacha mtengenezaji, na ya kwetu ilitengenezwa kwenye 2009. Kulikuwa na programu ya kuuliza saa sahihi kwenye intaneti, lakini programu ile ni ya kizamani na ina heshima zake: ikikuta tofauti inazidi sekunde 1000, haigusi kitu, inajizima yenyewe. Sekunde 1000 hazifiki hata dakika 17. Sisi tulikosea kwa zaidi ya miaka kumi.

Habari zilifika uani kabla yangu. Madereva walikuwa wameshaanza mahesabu yao. Kama tuko Januari 2009, Mazembe, timu yetu ya mpira, bado haijachukua ule ubingwa wa Afrika wa 2009, wala wa 2010, wala haijacheza fainali ya dunia ya klabu na Inter ya Italia. Basi nani anaweka pesa? Mmoja akataka kujua kama mshahara wa 2009 utalipwa upya. Papa Sentineli wa getini yeye alitaka kufunga geti twende nyumbani, kwa sababu tarehe 1 Januari ni sikukuu.

Ndiye pia aliyekagua maiti. Nilikichomoa kile kibatri kwa bisibisi, akakiweka kiganjani, akakigeuza mpaka akaona maandishi: CR2032.

"Imekufa namna gani, na imeandikwa 2032?" akaniuliza. "Hii bado haijafika muda wake. Waliwauzia ya bandia."

Nikamweleza kwamba 20 ni upana, milimita 20, na 32 ni unene, yaani milimita 3.2. Akaniitikia kwa ile heshima ya mtu mzima anayemwonea huruma kijana.

Nikapanda teksi ya dala mpaka mjini, kwa fundi wa saa anayekaa na kameza kake upande wa Posta. Mahali pafaapo, kwa kweli. Barua zikiugua ziende kwao. Yeye 2032 hakuwa nazo, ila alikuwa na 2025, volti zilezile 3, nyembamba kidogo tu. Bila kuniuliza akachukua pakiti tupu ya sigara, akachana ile karatasi ya fedha ya ndani, akaikunja mara nne, akaibana kwa jino, akaipima kwa ukucha pamoja na batri. "Utatanguliza hii chini," akasema. "Haitacheza." Niliporudi niliitanguliza chini, na haikucheza.

Lakini hata kabla sijazima seva mvua ilikuwa imeshuka, ile mvua ya mwezi wa pili isiyo na salamu, na intaneti ikaondoka nayo. Barua walizoandika wenzangu kabla ya kuzima seva zikawa zimepanga foleni zikingoja njia. Nikabonyeza F1, safari hii kwa pini niliyokodishwa kwa ahadi ya soda. Nikairekebisha saa kwa mkono. Siku, mwezi, mwaka, vyote sawa. Nikampigia Fundi kwa furaha. Alikuwa ametoka nje ya ua, ananong'ona.

"Intaneti iko?" akauliza.

"Hapana, mvua."

"Basi usiguse tarehe mpaka intaneti irudi."

"Nimeshaigusa."

Akanyamaza. Kisha akanieleza, naye akijizuia asicheke, maana alikuwa msibani. Seva ya barua ina sheria yake: barua ikishindwa kuondoka, inajaribiwa tena na tena kwa siku 5, zikiisha anarudishiwa aliyeiandika. Na barua zetu ziliingia foleni mwaka 2009. Kwa macho ya seva, saa iliporuka, barua zile zilikuwa zimesimama pale kuanzia enzi jimbo letu lilipokuwa bado Katanga moja, halijagawanywa. Ikazijaribu mara moja ya mwisho, ikakuta njia haipo, ikakata tamaa kwa niaba ya wote.

Kilio cha Mama Mhasibu nilikisikia kupitia vigae.

"Wamerudisha! Wateja wamerudisha madeni yote! Hata masista wamerudisha!"

Masista ndio walimvunja moyo. Hao hulipa hata kabla ya kudaiwa.

Kitu kimoja tu kilikwenda vizuri. Barua zilizokwama jana yake, kabla umeme haujakatika, zilikuwa zimewekewa saa ya kujaribiwa tena. Seva ilipojikuta 2009 ikaziona kuwa ni za miaka ijayo, ikazikalia kwa utulivu ikingoja tarehe yao ifike. Intaneti iliporudi jioni zikaondoka zenyewe. Zilizobaki tuliziandika upya mpaka usiku, huku Direkta akitusimamia na kugawa zile chupa za maji za mkutano.

Tukiwa katikati ya kazi hiyo, mteja wa Kolwezi akapiga tena. Sauti yake safari hii ilikuwa tamu.

"Mama, nimefikiri vizuri. Mimi siwezi kukataa deni. Hati inasema 2009, basi nitalipa kwa bei ya 2009."

Mama Mhasibu akasogeza kikokotoo karibu.

"Haina neno, Papa. Bei ya 2009, pamoja na riba ya kuchelewa tangu 2009. Niko napiga hesabu, usikate simu."

Alikata. Kesho yake pesa ziliingia, bei ya leo.