Vali Chini ya Bahari: Ichomelewe Moja kwa Moja au Iwe ya Kung'oleka?

Bomba la jikoni likianza kuvuja, fundi hagusi nati hata moja kabla ya kufunga koki kubwa ya nje. Ili ubadilishe vali unahitaji vali nyingine nyuma yake. Chini ya bahari jambo hilo dogo hugeuka kitendawili. Bomba la gesi limelala kwenye matope kwa mamia ya kilomita, ndani yake mna presha inayoweza kuzidi bar 100 (bar 1 ni karibu sawa na presha ya hewa inayotuzunguka), na vali iliyochoka ndiyo ile ile iliyowekwa kulifunga. Nyuma yake utafunga nini?

Wahandisi wanaobuni vali hizi huvutwa pande mbili. Wapo wanaotaka vali ichomelewe kwenye bomba, bodi yake, yaani ganda la nje, nayo ichomelewe pande zote, isiwe na mahali pa kufunguka. Wengine wanataka vali inayong'oleka, ikiharibika inyanyuliwe na nyingine ishushwe mahali pake.

Hoja ya wanaochomelea si ya kubeza. Penye flenji, yaani kiungo cha duara kinachokazwa kwa bolti, pana gasketi ya kuziba, na penye gasketi ipo siku patavuja. Bomba la baharini husanifiwa likae miaka 20, 30 au zaidi, na vali nyingi zilizo juu yake hufungwa mara chache sana katika muda huo. Kwa nini basi uongeze bolti na sili (vizibo vya kuzuia uvujaji) kwa ajili ya matengenezo ambayo huenda yasifanyike kamwe? Bolti zenyewe zina maradhi yake: anodi za alumini, vipande vinavyoliwa na kutu badala ya chuma ili kukilinda, husababisha haidrojeni kuzalika kwenye uso wa chuma hicho, na bolti ya chuma kigumu kupita kiasi inaweza kuinyonya, ikawa rahisi kuvunjika na kukatika ghafla. Vali ya kufunguka pia ni nene na nzito zaidi, na kila tani ya ziada inatafuta kreni kubwa zaidi juu ya meli.

Hata hivyo, vali kutofungwa mara kwa mara hakuifanyi idumu. Iliyokaa miaka bila kusogezwa hukwama. Mchanga unaosafiri na gesi hukwaruza viti vyake, yaani sehemu ambazo mlango wa vali hukaa ili kuziba. Sili za mpira hunyonya gesi taratibu, na presha ikishushwa kwa ghafla gesi hiyo hutanuka ndani ya mpira na kuupasua. Ndiyo maana vali nyingi za kina kirefu hutumia viti vya chuma kwa chuma vilivyopakwa tungsteni kabidi, kitu kigumu sana. Vinadumu, lakini vikishachubuka hakuna grisi itakayovirudisha katika hali ya upya. Kama vali imechomelewa, inabaki kulikata bomba.

Kulikata kwa mikono ya nani? Presha ya maji huongezeka kwa takribani bar 1 kila mita 10. Mpiga mbizi anayevuta hewa ya kawaida hufanya kazi hadi karibu mita 50. Zaidi ya hapo anaishi siku kadhaa ndani ya chumba cha presha, akivuta mchanganyiko wa heliamu, na hata hivyo kazi za namna hiyo kwa kawaida hukomea karibu mita 300. Upande wa Norway kikomo ni mita 180. Kushuka zaidi ya hapo ni kazi ya roboti inayoongozwa kutoka melini, na roboti haina vidole: ina mkono wa chuma na spana ya haidroliki inayoingia kwenye tundu lenye vipimo maalumu. Bei ya vali yenyewe huonekana ndogo ukiilinganisha na gharama ya meli inayoisubiri juu, siku baada ya siku, bahari itulie.

Wanaotaka vali za kung'oleka wana mfano mzuri wa kuonyesha. Mwaka 2015 kwenye eneo la gesi la Åsgard, Norway, kompresa, yaani mashine za kusukuma gesi, zilianza kufanya kazi kwenye sakafu ya bahari, karibu mita 300 chini, zikiwa zimegawanywa katika moduli zinazoweza kunyanyuliwa na kubadilishwa. Kama kompresa nzima inaweza kupandishwa, vali inashindwaje? Jibu langu ni kwamba kompresa ina vali za kuitenga na bomba. Vali haina.

Tukio linalotajwa mara nyingi katika mjadala huu ni ajali ya Piper Alpha, jukwaa la mafuta na gesi katika Bahari ya Kaskazini, tarehe 6 Julai 1988. Watu 167 walifariki. Nadhani husomwa nusu. Moto ulilishwa na gesi ya mabomba yaliyounganisha jukwaa hilo na mengine, na baada ya hapo vali za kufunga zilizowekwa chini ya bahari, karibu na majukwaa, zilipata uzito mpya. Lakini chanzo cha moto kilikuwa vali ya usalama iliyotolewa kwa ajili ya matengenezo. Mahali pake paliwekwa kifuniko kisichoziba sawasawa, zamu ya usiku haikujua, pampu ikawashwa. Kwa hiyo ajali hiyo hiyo inatetea vali ya kuaminika na pia inaonya juu ya vali inayotoka kwa urahisi.

Mimi nasimama hapa: kinachoshika presha kichomelewe, kinachosogea king'oleke. Kiendeshi, yaani silinda au mota inayoizungusha vali, huharibika mapema kuliko bodi, nacho kinaweza kutolewa bila gesi kutoka hata kidogo, mradi sili ya shina, fimbo inayounganisha kiendeshi na vali, imebaki ndani ya bodi. Ukikuta mchoro ambao sili kuu imo ndani ya kiendeshi, urudishe. Tundu la spana lifuate API 17H, kiwango cha Taasisi ya Petroli ya Marekani kuhusu zana za roboti za chini ya bahari, ili roboti ya kampuni yoyote iweze kuingia. Lipewe kifuniko, maana chokaa inayotengenezwa na anodi na viumbe wa baharini huliziba. Mshale unaoonyesha kama vali iko wazi uwe mkubwa, usomeke kwa kamera hata kwenye maji yenye tope. Ni vitu vidogo, lakini safari za meli hupotea kwa vitu vidogo kama hivi.

Kanuni yangu inayumba mahali pamoja, nami nakiri. Vali ya dharura karibu na jukwaa hushikiliwa wazi na haidroliki, na haidroliki ikikatika springi huifunga. Springi hiyo imo ndani ya kiendeshi. Kitoe, umeondoa ulinzi wenyewe. Hapo ama usimamishe uzalishaji hadi kipya kishuke, ama uwe umeweka vali mbili mfululizo tangu mwanzo. Kwa vali hii ningekubali hata flenji, iwe kwenye kipande kifupi cha bomba kinachoweza kutolewa kizima, baada ya kupitisha plagi zinazosafiri ndani ya bomba na kuliziba pande zote mbili. Plagi hizo nazo zinadai tundu la vali lilingane na kipenyo cha bomba.

Ningeomba pia jaribio moja kabla ya vali kuondoka kiwandani. Ijazwe presha kamili, izamishwe kwenye tangi, mkono wa roboti ung'oe kiendeshi na kukirudisha, geji ya presha ikiwa inaangaliwa muda wote.